Kifua Kilichojaa: Kisa cha Mpiga Tarumbeta Aliyekuwa Anaishiwa Pumzi

Jumamosi moja ya mwezi wa nane tulikuwa juu ya pikapu, mbele ya gari la bibi harusi, tunazunguka Mnara wa Saa hapa Moshi kwa mara ya pili, ndipo sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo, ilipokatika. Noti haikukosewa. Ilikatika tu katikati ya mstari, tenori na besi wakabaki wanaendelea peke yao kama abiria walioachwa njiani, halafu baada ya mapigo mawili ikarudi kwa kishindo, kubwa kuliko sauti zote. Niligeuka kumtazama mpigaji. Macho mekundu, mishipa ya shingo imetokeza, mabega yamepanda karibu na masikio. Mpiga video hakugundua kitu. Akina mama waliokuwa wameshuka kwenye Coaster kucheza hawakugundua, au waligundua wakanyamaza kwa kuwa harusi ni harusi. Mimi niligundua, maana haikuwa mara ya kwanza.

Kisa hiki nakiandikia wenzangu wanaofundisha matarumbeta makanisani na kwenye bendi za harusi, kwa sababu nilikikosea kwa miezi mitano kabla ya kukipatia. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nitamwita Konda, kwa kuwa ndiyo kazi inayomlisha: ni konda wa Hiace ya Moshi, Himo na Marangu. Kazi hiyo nitairudia, maana jibu lilitokea huko huko stendi.

Mpigaji na malalamiko yake

Konda ana miaka 21. Aliingia bendi ya usharika wetu akiwa na 14, akaanzia sauti ya pili, na huu ni mwaka wa pili anapiga ya kwanza. Sikio lake ni zuri, vidole vyepesi. Mwezi wa tatu alinifuata baada ya mazoezi, akaniamkia, akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Mwalimu, pumzi inaniishia. Navuta mpaka mwisho lakini hainifikishi."

Wasiotoka huku huenda wakashangaa kwa nini jambo hili lilimnyima usingizi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi ambako kupiga matarumbeta kanisani kulikuwa kumeenea sana, na desturi hiyo ikaota mizizi huku mlimani. Nyimbo nyingi tunazopiga ziliandikwa ili watu waziimbe taratibu, kwa sauti nne. Mwimbaji anasaidiwa na maneno: silabi zinagawa hewa, na mwisho wa sentensi unampa nafasi ya kupumua bila kufikiri. Tarumbeta haina silabi. Mstari wa mapigo 16, ukienda pigo moja kwa sekunde, ni sekunde 16 za kupuliza mfululizo, na Konda alikuwa anafika la kumi, akijitahidi sana la kumi na moja. Hapo anakata, popote pale, hata katikati ya neno. Waumini wanaimba "Bwana", yeye anawapigia "Bwa", na "na" inakuja akishapata nafasi. Mama mmoja wa kwaya alimwambia waziwazi kwamba anawapotosha.

Kulikuwa na mambo mawili niliyoyaona tangu mwanzo nikayapita. La kwanza, hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye nyimbo za polepole na za sauti ya chini kuliko kwenye zile za harusi tunazopiga kwa nguvu. Hebu fikiri: kupiga kwa nguvu kunakula hewa nyingi zaidi, kwa hiyo aliyepungukiwa na hewa angepaswa kuumbuka huko kwanza. La pili, kabla ya kila noti ya kuanzia mstari alitoa kisauti kidogo kooni, "hk", kama mtu anayenyanyua gunia. Nilidhani ni mazoea tu.

Miezi mitano ya dawa zisizofaa

Dawa yangu ya kwanza ndiyo wanayoitoa walimu wengi: vuta zaidi. Vuta mpaka mbavu ziume, jaza kifua, jaza tumbo, "pulizia kiwambo". Nikampa mazoezi ya kukimbia alfajiri. Nikampa zoezi la kuvuta pumzi kubwa mara thelathini mfululizo kabla ya kushika tarumbeta, nikiamini ninapanua mapafu. Kwenye mara ya ishirini hivi alikaa chini, akasema vidole vinamwasha kwa ganzi na anaona nyota. Nikamwambia avumilie, atazoea.

Naliandika hili kwa aibu. Ganzi ile na kizunguzungu kile havikuwa dalili za mapafu kuzoea. Ukipumua kwa wingi na kwa haraka bila kazi ya mwili inayohitaji hewa hiyo, unaitoa hewa ukaa kwenye damu kupita kiasi, mishipa ya damu ya kwenye ubongo inajibana, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinakufa ganzi. Hakuna alichojenga pale.

Na lile neno "pulizia kiwambo", ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa nikalifundisha kwa miaka zaidi ya ishirini, halina ukweli wa mwili. Kiwambo ni ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kazi yake ni kuvuta hewa ndani: kinashuka, kifua kinapata nafasi chini, matumbo yanasukumwa mbele, ndiyo maana tumbo linatokeza. Hewa haiingii tumboni. Wakati wa kupuliza kiwambo kinalegea na kupanda, na wanaosukuma ni misuli ya tumbo na ile ya katikati ya mbavu. Kumwambia mtoto asukume kwa kiwambo ni kumwambia afungue mlango kwa bawaba.

Nyumbani kwao walishaanza kunong'ona. Bibi yake alisema ni pumu, kwamba hata babu yake alikuwa na kifua. Mjomba mmoja akadai ni hewa nyepesi ya mlimani, kwa kuwa kijana anashinda barabara ya Marangu. Hilo la hewa nyepesi nililikataa hapo hapo: Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Marangu iko juu zaidi lakini si kwa kiasi cha kumkosesha pumzi kijana mwenye afya aliyezaliwa huko huko, na kwaya za huko zinaimba beti sita zikiwa zimesimama bila shida yoyote. La pumu sikulikataa. Pumu ni kitu cha kupimwa, si cha kukisia. Alikwenda hospitali, akapulizishwa kwenye kipimo, daktari akamsikiliza mgongoni akamwambia mapafu yake hayana tatizo. Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote ni kwamba hatua hii isirukwe, hasa mpigaji akiwa anabanwa usiku, anakohoa akikimbia, au anatoa mluzi kifuani.

Hata hivyo mama yake hakuridhika. Akaniambia, kwa heshima lakini bila kupepesa, kwamba huenda mwanawe ana kifua kidogo na afadhali aache. Nilimsimulia habari za Arnold Jacobs, mpiga tuba wa okestra ya Chicago kuanzia mwaka 1944 hadi 1988. Tuba, ile ala kubwa ya besi, ndiyo inayokula hewa kuliko ala zote za shaba. Noti moja ya chini iliyopigwa kwa nguvu inaweza kumaliza kifua kwa sekunde chache. Na Jacobs alijulikana kwa kuwa na mapafu yenye ujazo mdogo kuliko wa watu wa umbo lake, tena utu uzimani akapata na pumu. Wapigaji wa nchi mbalimbali walikuwa wanamfuata Chicago awafundishe kupumua. Mama alisikiliza yote, halafu akauliza: "Na huyo aliendesha harusi juu ya pikapu?" Sikuwa na jibu.

Kilichotusaidia kidogo katika kipindi hicho kilikuwa kwenye chombo chenyewe. Siku moja, Konda akiwa anashikilia noti ndefu, nililowesha kidole kwa mate nikakipitisha polepole chini ya bomba. Kwenye kile kijifunguo cha kumwagia maji kidole kilipata baridi: hewa ilikuwa inavuja. Kizibo chake kilikuwa kimekauka na kupasuka. Fundi viatu mmoja pale Mbuyuni alitukatia kipande cha kandambili, mviringo mdogo kuliko ukucha, tukakibandika. Noti za chini zikatulia mara moja na mapigo yakaongezeka moja. Kama unafundisha bendi ya kanisa yenye vyombo vya msaada vya miaka arobaini, anzia hapo kabla hujamlaumu mtoto wa mtu. Lakini pigo moja halikuwa jibu.

Stendi

Mwezi wa nane, wiki moja baada ya ile harusi, nilikuwa na msiba Marangu. Nilifika stendi saa mbili asubuhi nikaingia kwenye Hiace, na bahati ilivyo ilikuwa ya Konda. Hakuniona, nilikaa siti ya nyuma dirishani. Yeye alikuwa mlangoni, mkono mmoja juu ya paa, anaita.

"Himo-Marangu-Himo-Marangu-Himo-Marangu Mtoni, mama njoo huku siti ya mbele ipo, Himo-Marangu, kaka wawili tu tunaondoka, Himo-Marangu-Himo-Marangu..."

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikatazama saa. Kwa mkupuo mmoja, bila kuvuta pumzi, aliita kwa sekunde 19. Akanyamaza, mdomo ukabaki wazi, hewa ikaingia yenyewe, akaendelea. Mkupuo wa pili, sekunde 22. Mabega hayakusogea hata kidogo. Hakuna mshipa wa shingo. Huyu ndiye kijana asiyefika pigo la kumi na mbili.

Nilimtazama kwa dakika kumi nzima, gari linajaa, na nikaona tofauti. Alipokuwa anaita alianza na hewa aliyokuwa nayo, bila kujaza kwanza. Aliitumia mpaka ikaisha kweli, na mwili ukaichukua nyingine bila yeye kuuambia. Kwenye tarumbeta anafanya kinyume: anajaza mpaka kwenye paa, anafunga, ndipo anaanza. Na nikakumbuka jambo la tatu, ambalo nilikuwa nimelitazama miezi yote mitano bila kuliona. Kila mara pumzi "ilipomwishia" na kuondoa tarumbeta mdomoni, kitu cha kwanza alichofanya ni *phuuu*: alitoa hewa nje. Mtu aliyeishiwa hewa hatoi nje. Anavuta ndani.

Jioni ile, nikiwa bado na nguo za msiba, nilimwita kanisani. Nilimwambia apige noti moja ya katikati, sauti ya wastani, mpaka aone hawezi tena. Akifika hapo aondoe tarumbeta na agande: asivute, asitoe, aniambie pumzi inataka kwenda upande gani. Alifika sekunde 11. Akaganda, macho yamemtoka, akaonyesha kwa kidole: nje. Nikamwambia toa. Akatoa kwa *sss* taratibu. Nilihesabu sekunde nane zaidi.

Tulitazamana. "Mwalimu, kumbe ilikuwepo?"

Kilichokuwa kinatokea ndani

Hamu ya kupumua, ile inayokubana kifua na kukulazimisha, kwa kawaida haitokani na kupungukiwa oksijeni. Inatokana na hewa ukaa kupanda kwenye damu. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Tunayotoa bado inayo karibu asilimia 16, ndiyo maana mtu anaweza kumpulizia mwenzake mdomoni akamwokoa. Lakini hewa ukaa inapanda kutoka chini ya asilimia 0.1 hadi karibu asilimia 4. Mwili unahesabu hiyo. Kwa hiyo unaweza kuwa na kifua kimejaa pomoni, na bado ukasikia unakufa kwa kukosa hewa, kwa sababu iliyojaa ni hewa iliyokwisha kutumika.

Tarumbeta inachochea kosa hili kuliko tuba au tromboni. Tundu la kipande cha mdomoni ni dogo, hewa inapita kidogo lakini kwa msukumo mkubwa, hasa noti za juu. Ukipiga wimbo wa polepole kwa sauti ya chini, mstari unakwisha umetumia labda nusu ya uliyovuta. Sasa tazama alichofanya Konda mwisho wa mstari: hakuitoa ile nusu iliyobaki. Alivuta nyingine juu yake, haraka haraka, kwa mabega kwa kuwa chini kulishajaa. Mstari wa pili akaanza na nusu mpya na nusu kuukuu. Wa tatu, robo ya kifua bado ni ile ya mstari wa kwanza. Ndiyo sababu nyimbo za taratibu zilimuumbua kuliko za harusi: zile za harusi zilikuwa zinamlazimisha kumaliza hewa.

Na ile "hk"? Mapafu yana mvuto kama puto. Yakijaa kabisa yanataka kurudi yenyewe, kwa nguvu, bila kusukumwa. Kama wimbo ni laini, inabidi mtu ayazuie, na mzuiaji sahihi ni ile ile misuli ya kuvutia iendelee kushikilia kidogo huku hewa inatoka. Konda alizuia kwa koo. Alifunga mlango, akaufungua kwa noti ya kwanza, nayo ikatoka na kile kisauti. Koo likishabanwa, shingo inabanwa, midomo inabanwa, tarumbeta inakandamizwa kwenye meno. Kizunguzungu alichokuwa anakipata kwenye pikapu pia kilitokea hapo: ukibana kifua kilichojaa kwa nguvu, damu inayorudi kwenye moyo inapungua, na macho yanaingia giza kidogo. Ndiyo, kizunguzungu kile kile, lakini kwa njia tofauti na cha yale mazoezi yangu ya mara thelathini. Nilimpa maradhi mawili kwa dawa moja.

Tulichofanya

Wiki ya kwanza sikumruhusu kugusa tarumbeta. Hilo lilimuuma kuliko yote. Zoezi lilikuwa moja: simama mbele ya kioo, toa hewa kwa *sss* mpaka ifike mwisho wake wa kawaida, usijikamue, acha mdomo wazi, ngoja. Usivute. Hewa itaingia yenyewe, kama inavyoingia stendi. Mikono nikamwambia aiweke kwenye mbavu za chini, ubavuni, aone zinavyofunguka pande zote. Mabega yakipanda anaanza upya. Siku ya tatu aliniambia kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari langu: "Mwalimu, kumbe kuvuta si kazi. Kazi ni kutoa."

Wiki ya pili nikamwambia apige mstari wa mapigo manane kwa nusu pumzi. Alikataa. Sio kwa ubishi, aliogopa. Mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. "Haitatosha." Ilitosha, na ikabaki. Tukarudia mara nyingi mpaka akaacha kunitazama kila akianza. Hapo ndipo ile "hk" ilipokufa, bila mimi kuitaja. Kifua kisichojaa kupita kiasi hakihitaji kufungiwa mlango.

Kati ya kuingia na kutoka hakuna kusimama. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na maneno yalinishinda mpaka nilipompeleka kwa mdogo wake aliyekuwa anabembea kwenye kamba iliyofungwa mparachichi. Bembea ikifika juu haigandi pale, inageuka. Pumzi nayo ikifika inageuka kuwa noti. Tulipiga noti hamsini za mwanzo tu, noti moja moja, kwa kumtazama yule mtoto. Majirani walituona tumerukwa na akili.

Halafu penseli. Tulichukua nyimbo kumi tunazozipiga zaidi, tukaandika maneno chini ya noti za sauti ya kwanza, na tukaweka alama pale ambapo msomaji mzuri wa maneno hayo angepumua. Kwenye alama ndefu tuliandika herufi mbili: T kwa toa, V kwa vuta. Nusu ya kwanza ya nafasi ni ya kutupa kilichobaki kwa pembe za mdomo, nusu ya pili ni ya kupokea kipya. Wapiga obo, ala ya mbao ya kupuliza ambayo tundu lake ni dogo kuliko letu, wanaishi kwa mpango huu. Kuna mahali wanatoa tu, na mahali pengine ndipo wanapovuta. Bendi nzima ilipoona daftari lake limejaa "TV, TV, TV", wakaanza kumuuliza leo anaangalia taarifa ya habari au tamthilia. Utani huo ulimsaidia kukumbuka kuliko mimi.

Kulikuwa na mambo madogo pia. Kipande cha karatasi ya daftari ukutani, unakishikilia kwa pumzi ukiwa umbali wa shibiri moja. Kikianguka pumzi imeyumba. Mshumaa tuliujaribu tukaacha, upepo wa dirishani ulikuwa unatuchanganya.

Katikati ya haya alikuja na simu mkononi, kampata Kenny G, ambaye mwaka 1997 alishikilia noti moja ya saksafoni kwa dakika 45 na ushee. Akataka nimfundishe ile njia ya kuweka hewa mashavuni na kuisukuma huku unavuta kwa pua, inayotumiwa pia na wapiga zumari wa pwani. Nikamkatalia kwa wakati ule. Njia hiyo inaongeza hewa mpya bila kukupa nafasi nzuri ya kutupa ya zamani, na tatizo lake lilikuwa hilo hilo. Alinuna siku mbili.

Pikapu

Mwisho wa mwezi wa kumi, ukumbini, alikuwa anafika mapigo 16 na kubakiwa na hewa. Nikafanya haraka nikampeleka kwenye harusi. Ilikuwa ni kutoka Majengo kwenda Kibosho, barabara inapanda, pikapu inaruka, vumbi. Kwenye wimbo wa tatu mabega yakarudi juu, na kwenye wa tano akakata katikati ya neno, kama mwezi wa nane.

Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba nilimfundisha akiwa amesimama sakafuni, na kazi anaifanya ameketi kwenye ukingo wa bodi ya pikapu, magoti juu, tumbo limekunjwa, mkono mmoja umeshika bomba la gari asianguke. Tumbo likikunjwa kiwambo hakina pa kushukia. Kilichobaki ni mabega. Tulitengeneza benchi la ubao, refu kidogo, magoti yashuke chini ya nyonga, na mikanda miwili ya kufungia watu viunoni ili mikono iwe huru. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kama bendi sasa inanunua ndege.

Jambo la pili lilikuwa mgawanyo. Kwa nini sauti ya kwanza ipigwe na mtu mmoja kwa saa tatu? Nilimrudisha yule dada aliyekuwa anapiga ya kwanza kabla yake, wakakubaliana kwa penseli: pale Konda anapopumua yeye anapiga, na kinyume chake. Msikilizaji hasikii pengo. Kwaya zinafanya hivi tangu zamani na sisi wa shaba tunaona ni aibu, sijui kwa nini.

Krismasi alipiga ibada nzima, beti zote, na neno halikukatika hata moja. Yule mama wa kwaya alimpitia baada ya ibada, akamshika bega, akaendelea na safari yake. Bado kwenye misafara mirefu, baada ya saa mbili hivi, noti za juu zinamkimbia, lakini hapo nimemkagua mara nyingi: pumzi ipo, midomo ndiyo imechoka, na dawa ya midomo ni kupumzika na kuacha kukandamiza.

Mwezi wa pili mwaka huu dada mmoja wa tenori alinifuata na maneno yale yale: "Mwalimu, pumzi inaniishia." Konda alikuwa karibu, akadakia kwa furaha: toa kwanza, dada, toa kwanza! Tukampa zoezi la kuganda. Aliganda, na pumzi yake ilitaka kuingia ndani, kwa nguvu. Alikuwa mtupu kabisa kwenye sekunde ya saba. Tukamwekea kioo mbele akiwa anapiga, na kwenye kona ya kushoto ya mdomo wake kioo kikawa kinaingia ukungu. Hewa ilikuwa inavuja hapo, nusu yake haifiki kwenye tarumbeta. T na V hazikumsaidia chochote. Tukaanza upya na midomo, siku ile ile, Konda ameshika kioo.